Kanuni Haina Mikono

Hebu nikuulize, msomaji mwenzangu: kanuni ikimwengua mtu, wa kulaumiwa ni nani? Kanuni, au aliyeitunga?

Swali hili hunijia kila nikitumia Grasshopper, programu iliyoanzishwa na David Rutten mwaka 2007 katika kampuni ya Robert McNeel & Associates. Wasanifu majengo huitumia ndani ya Rhino. Hapo huandiki maagizo marefu. Unapanga visanduku kwenye skrini na kuviunganisha kwa nyaya. Dirisha hulichori, unatoa kanuni, madirisha yanajipanga yenyewe.

Chukua ukuta wa matundu ya hewa 100: safu 10, kila safu matundu 10. Yote yamo katika orodha moja, yanahesabiwa kuanzia sifuri. Kipo kisanduku cha kuchuja, unakipa maneno mawili tu: kweli, uongo. Nacho kinayarudia hadi mwisho: hili libaki, hili litoke, hili libaki, hili litoke. Yanabaki 50, yamesimama milia kama ya pundamilia. Sasa fanya kila safu iwe na matundu 9. Kanuni ni ile ile, lakini safu ya pili inaanza na "litoke", na milia inageuka ubao wa drafti. Na hakuna aliyeuchora!

Inapendeza, sikatai. Kinachonitisha ni kwamba tundu lililotoka halikuwa baya. Hakuna hata aliyelitazama. Limetoka kwa sababu ni namba 5, si namba 4. Kwa tundu si neno. Lakini watu nao hupangwa kwenye orodha: ya mikopo, ya vitanda vya hospitali, ya nafasi za shule. Unafika dirishani unaambiwa, "Mfumo umekataa, ndugu yangu," na karani ameshanawa mikono.

Mimi hapo sikubali. Kwani mfumo una mikono? Zifuate zile nyaya kutoka kulia kurudi kushoto, lazima utafika mahali ambapo mtu aliweka neno la kwanza. Huyo ndiye aliyechagua. Utaniambia hakujua kama ubao wa drafti ungetokea. Sawa, kutojua si kosa. Kosa ni kuyaona matokeo na kuyaacha, ilhali waya unahamishwa kwa sekunde moja.

Sisi tunaojifunza kutunga tunalijua hili. Mizani 8 kwa 8 tuliikuta, na vina tulivikuta. Lakini ukichomeka neno la uongo ili kina kitimie, hakuna atakayekilaumu kina. Utalaumiwa wewe, bwana. Kanuni inakupa umbo, haikupi ruhusa.

Basi panga, chuja, rudia upendavyo. Ila ukishamaliza kuyasifia yaliyobaki, yatazame na yaliyotoka, moja moja. Ukishindwa kuliambia kila moja kwa nini limetoka, kanuni yako bado haijaiva.