Deni la Mwenye Kuuliza

Mtu akija kwako akakuuliza jambo unalolijua, ukamjibu kwa hiari, naye akaondoka na jibu lako akaliandika, akalipanga pamoja na majibu ya wengine, na mwishowe akapata kwa kazi hiyo shahada na heshima, je, ana deni kwako? Wengi watajibu upesi kwamba hana, kwa kuwa hukumpa kitu chenye kupungua. Ukimpa mtu mbuzi, zizi lako limepungukiwa. Ukimpa habari ya namna wazee walivyoomba mvua, habari hiyo ingali nawe kama ilivyokuwa jana. Hoja hii ina nguvu, wala siipuuzi. Lakini naona haitoshi, na sababu zake nitazitafuta hapa Singida, mahali ambapo wenye kuuliza wamepita kwa miaka mingi wakiwa na madaftari, na siku hizi wakiwa na vinasa sauti.

Kwanza yafaa tukumbuke hao wenye kuuliza hutoka wapi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza tarehe 25 Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiotimia 15. Kilikuwa chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu cha taifa. Kutoka sheria peke yake zikachipuka taaluma ambazo mtu hawezi kuzihesabu kwa vidole. Uganga wa Muhimbili na kilimo cha Morogoro vilikua hata vikajitenga na kuwa vyuo vikuu vyenyewe, hicho cha Morogoro kikipewa jina la Sokoine mwaka 1984. Uhandisi uliingia Mlimani mwaka 1973. Ofisi iliyoundwa mwaka 1967 ilipewa kazi ya kukagua ardhi na maji ya nchi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Basi katika Mlima ule mmoja yupo anayechunguza samaki wa Bahari ya Hindi, yupo anayechunguza ngeli za majina, na yupo anayepima nyufa za zege.

Wapo watu, nao si wajinga, wanaouona wingi huu kuwa ni anasa. Husema kwamba nchi yenye vijiji visivyo na maji safi haina haki ya kumlisha mtu anayehesabu ngeli. Mimi sikusoma huko. Elimu yangu iliishia sekondari, nikaingia katika kazi ya serikali, na mashairi nimejifunza kwa wenyewe mashairi. Kwa hiyo sina cheo cha Mlimani cha kukitetea. Hata hivyo, kwa hili siwaungi mkono, na shahidi wangu ni ndoo moja ya maji.

Katika sehemu nyingi za mkoa huu, kama ilivyo Arusha, Manyara na Shinyanga, maji ya ardhini yana madini ya floraidi. Madini hayo hutoka katika miamba, yakayeyukia majini polepole. Mtoto anayekunywa maji hayo katika miaka ambayo meno yake yanaumbika, humtoka meno yenye madoa ya kahawia ambayo hayafutiki kwa mswaki wala kwa mkaa. Yakizidi mno na kwa muda mrefu, hata mifupa huumia. Sasa nauliza: jambo hili ni la taaluma gani? Mjuzi wa miamba atasema ni lake, maana chanzo ni jiwe. Daktari wa meno atasema ni lake. Mkemia ndiye anayepima kiasi. Mhandisi ataambiwa atafute chujio, na chujio lenyewe limepatikana: katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, ilithibitishwa kwamba mifupa ya ng'ombe iliyochomwa hadi ikawa mkaa hunasa floraidi. Lakini mama atakayewekewa chujio hilo jikoni atataka kujua ni mifupa ya mnyama gani, na hapo anahitajika mtu anayejua mila na dini za watu. Naye msichana anayeziba mdomo kwa kiganja kila anapocheka, ugonjwa wake hauko katika meno peke yake. Nani ataandika habari zake asipokuwa mwanafasihi?

Kijiji kina tatizo moja. Ni Chuo Kikuu kilichokigawa kisima vipande saba, kila kipande na mlango wake na mkuu wake wa idara. Sikilaumu kwa kugawa, kwa kuwa hakuna kichwa kimoja kiwezacho kubeba yote. Nakidai tu kikumbuke kwamba ndoo ile, mama alipoitwika kichwani, ilikuwa nzima.

Tena lipo jambo katika ndoo hiyo ambalo hakuna idara iwezayo kulimaliza. Mwaka 1971 taifa lilijiwekea shabaha kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini awe na maji safi umbali usiozidi mita 400. Mwaka 1974 vikawekwa viwango vya muda vya ubora wa maji, na floraidi ikaruhusiwa hadi miligramu 8 kwa lita moja, ilhali kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani hukipendekeza sasa ni 1.5. Baadaye sisi tulishuka hadi 4, kisha tukaifikia hiyo 1.5. Ile 8 ilitoka wapi? Haikutoka katika mizani ya mkemia, maana mizani husema tu kilichomo. Ilitoka katika hukumu ya watu walioona kwamba visima vingi vingefungwa, na kwamba mama angerudi kwenye dimbwi lenye kipindupindu na kuhara. Walichagua madoa ya meno badala ya kaburi la mtoto. Naona hawakukosea. Lakini waliokunywa hawakuulizwa, na hata leo wengi wao hawajui kwamba hukumu hiyo ilipata kutolewa juu yao.

Hapa ndipo ile hoja ya mbuzi na habari inapoanza kulegea. Si kweli kwamba habari niliyokupa hubaki kwangu kama ilivyokuwa. Ikishaandikwa hupata nguvu ambayo mdomoni mwangu haikuwa nayo, kisha huja kunitawala. Wakati wa ukoloni jambo hili lilikuwa wazi: aliyeuliza mila alitaka kujua nani atoze kodi kwa niaba yake, na jibu la mzee mmoja, lililotolewa pengine kwa heshima ya mgeni tu, likageuka amri kwa ukoo mzima. Baada ya Uhuru nia ilibadilika, lakini nguvu ya maandishi haikubadilika.

Tuwatazame Wanyaturu. Mmarekani Harold Schneider aliyekaa kwao karibu na wakati wa Uhuru alitoa kitabu mwaka 1970, akawaeleza kuwa ni watu wanaopima ng'ombe na nafaka kwa hesabu kali ya faida, kama wafanyavyo wafanyabiashara wa popote. Mwingereza Marguerite Jellicoe, aliyefanya kazi Singida katika miaka ya 1960, alichapisha Nairobi mwaka 1978 kitabu chake The Long Path, na kwake watu hao hao wanaonekana zaidi katika ibada zao, hofu zao na mabadiliko yaliyowafika. Ndiye pia aliyeandika, mwaka 1969, juu ya upinzani wa Wanyaturu dhidi ya Wajerumani, habari ambazo wazee huzisimulia pamoja na jina la Liti na nyuki wake. Vitabu vyote viwili vina thamani, nami nafurahi viliandikwa. Lakini vyote viko katika Kiingereza, na mjukuu wa mzee aliyehojiwa, akitaka kujua babu yake alisema nini, yampasa kwanza ajifunze lugha ambayo babu mwenyewe hakuisema.

Mwalimu Nyerere aliwahi kumfananisha msomi wa Chuo Kikuu na mtu ambaye kijiji chenye njaa kimempa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Asiporudi, ni msaliti. Mfano huo tumeurudia sana majukwaani. Mimi ningeongeza kwamba kijiji hakikumpa chakula tu. Kilimwonyesha na njia: ni wao waliomwambia mto uko wapi na wapi pana simba. Kwa hiyo akirudi na magunia ya unga bado hajalipa yote. Yampasa aeleze pia aliyoyaona, hata kama hayaliki.

Kwa sababu hiyo simwambii mchunguzi wa ngeli aache ngeli akachimbe kisima. Mradi wa Lugha za Tanzania ulioanza Mlimani mwaka 2001 ulizaa, mwaka 2009, atlasi ya lugha za nchi yetu. Atlasi haimshibishi mtu. Lakini Mnyisanzu anayeiona lugha yake humo amepokea kitu ambacho gunia la unga haliwezi kumpa, ili mradi aione.

Neno hilo la kuona ndilo zito. Wahadzabe wa Mkalama na wenzao wa pande za Ziwa Eyasi wamechunguzwa kuliko karibu jamii yoyote ya ukubwa wao: meno yao, vidoko vya lugha yao, asali wanayokula, usingizi wao, na kuanzia mwaka 2014 hata bakteria wa matumboni mwao. Dunia imesoma habari za matumbo yao wakati ardhi yao inazidi kupungua kwa mashamba na malisho. Sidai kwamba mpima bakteria ndiye aliyewapokonya pori. Nadai tu kwamba mtu aliyekaribishwa motoni, akapewa asali, akachukua alichotaka, hawezi kusema kwamba habari za pori si za idara yake.

Tangu sheria ya mwaka 1986 ipo Tume ya Sayansi na Teknolojia, na mtafiti huja na kibali. Katika ofisi nyingi za vijiji nilizozipitia kikazi, barua za namna hiyo zimo majaladani, zimegongwa mihuri. Taarifa za matokeo sikuzikuta, isipokuwa mara chache, nazo ni kwa Kiingereza. Kurasa mbili tatu za Kiswahili zingetosha, zikisomwa mkutanoni mbele ya walioulizwa, na mwenye kupinga apewe nafasi ya kupinga.

Nanyi walimu na wanafunzi wa sekondari za mkoa huu hamna haja ya kungoja. Chukueni sura moja ya The Long Path, muitie katika Kiswahili somo kwa somo, mkawasomee wazee jioni. Wekeni pembeni nafasi pana ya kuandikia, maana watasahihisha mengi.