Video, Mwalimu na Shingo ya Mwenzako

Je, mtu anaweza kujifunza judo kwa kutazama video tu? Wengi hujibu haraka kuwa haiwezekani, kwa sababu mwili hujifunza kwa kusahihishwa. Jibu hilo halinitoshi. Julius Yego wa Kenya alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube. Ni kweli kwamba alipata pia kufunzwa na kocha nchini Ufini, lakini msingi aliuweka mwenyewe, na mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia mjini Beijing kwa kurusha mita 92.72. Basi video inaweza kumpa mtu ujuzi. Swali langu ni jingine: je, inampa haki ya kuujaribu ujuzi huo kwenye mwili wa mwenzake?

Kwenye judo, chombo cha kujifunzia ni binadamu. Jigoro Kano, aliyeanzisha mchezo huu mjini Tokyo mwaka 1882, alifundisha kwamba mimi na mwenzangu tunapaswa kunufaika pamoja. Ndiyo maana mwanafunzi huanza kwa kujifunza kuanguka. Ndiyo maana pia anayekabwa akipiga kofi mkekani, mkabaji humwachilia papo hapo. Video inaweza kunionyesha kofi hilo. Haiwezi kuona kwamba mwenzangu anaona haya kulipiga. Mwalimu aliye kando yetu anaona, na anasema: acha.

Hata hivyo, tusimtukuze mwalimu kwa kuwa yupo tu. Popole Misenga na Yolande Mabika, wanajudo wa Kongo, walikimbia timu yao mjini Rio de Janeiro mwaka 2013. Walieleza kwamba waliposhindwa mashindano, makocha waliwafungia ndani. Mwaka 2016 walirudi ulingoni katika timu ya wakimbizi ya Olimpiki. Hapo makocha walikuwepo na macho walikuwa nayo. Wapo watakaowatetea kwa methali ya mchelea mwana kulia. Lakini methali hiyo humhusu mlezi ambaye mwana akiharibika naye hulia. Asiyelia na mwanafunzi wake hana ruhusa ya kuitumia.

Kwa hiyo, kinachompa mwalimu heshima ni kuwajibika. Mkono wa mwenzangu ukivunjika, video haiwezi kuitwa ikajibu. Mwalimu anaweza kuitwa. Na mahali ambapo hakuna anayethubutu kumwita, yeye ni hatari kuliko video, kwa sababu mateso yake huitwa mafunzo.

Mwanafunzi asiye na nauli ya kwenda klabu asilaumiwe kwa kutazama video. Ajifunze kuanguka, kusimama, hata kupumua. Ila kabla hajaishika shingo ya mtu, awepo wa tatu ambaye wote wawili wanaweza kumwuliza, na ambaye naye anaulizwa na wengine.