MGENI ASIMSAHAU MWENYEJI



Mwezi wa Novemba mwaka jana tulialikwa Massachusetts, huko Marekani, nyumbani kwa baba wa rafiki yetu. Ilikuwa Sikukuu ya Shukrani, ambayo Wamarekani huiadhimisha Alhamisi ya nne ya mwezi huo. Watu husafiri mbali kurudi kwao, kama sisi tufanyavyo wakati wa Krismasi. Mezani palikuwa na bata mzinga wa kuoka, viazi, mahindi na maboga.

Kabla ya kula, kila mmoja alitaja jambo analomshukuru Mungu. Mzee yule alikuwa amemzika mkewe mwezi wa Julai, na kiti chake kiliachwa wazi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Namshukuru Mungu kwa miaka 43 aliyonipa pamoja naye." Zamu yetu ilipofika tuliona haya, maana njia nzima tulikuwa tumenung'unikia baridi.

Baadaye binti yake alitusimulia asili ya sikukuu hiyo. Mwaka 1620 wasafiri 102 walifika huko kwa merikebu ya Mayflower, na karibu nusu yao wakafa kabla baridi ya kwanza haijaisha. Waliosalia walifundishwa kupanda mahindi na mwenyeji aliyeitwa Tisquantum. Mwaka 1621, walipokwisha kuvuna, walikula pamoja na wenyeji wa kabila la Wampanoag kwa siku tatu. Lakini mwaka 1675 vilizuka vita kati ya watoto wa wageni wale na watoto wa wenyeji, na wenyeji wakapoteza ardhi yao. Ndiyo maana tangu mwaka 1970 wako wazawa wanaokutana Plymouth siku hiyo hiyo kuomboleza.

Ndugu, jambo hili lilituchoma. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Je, mwenyeji alipona?

Katika Kumbukumbu la Torati 26, Mwisraeli aletapo malimbuko hukiri kwanza kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga. Kisha hufurahi pamoja na Mlawi na mgeni. Hawezi kumshukuru Mungu huku amewasahau watu.

Nasi Jumapili ya Mavuno huleta mahindi, kuku na ndizi mbele ya madhabahu. Lakini kibarua aliyelipalilia shamba lile tumemlipa? Jirani aliyetukopesha mbegu mwaka wa njaa, tungali tunasalimiana naye? Na mpaka wa mjane, je, hatukuusogeza? Bwana wetu alisema tuiache sadaka yetu madhabahuni, twende kwanza tukapatane na ndugu yetu.

Jioni ile mzee alifunika sahani ya chakula, akampelekea jirani aishiye peke yake. Tulifuatana naye katika baridi ile ile, wala hatukunung'unika.

Mungu atupe shukrani yenye miguu na mikono. Amina.