Siku za Waridi Lililokatwa

Kifo kinapotokea, kuna kauli inayofunga mjadala upesi kuliko zote: siku zake zilikuwa zimefika. Waislamu husema hivyo, Wakristo husema hivyo, na ikiwa ni faraja kwa wafiwa haina ubaya. Ubaya huanza pale inapogeuzwa kuwa jibu la swali la sababu, mahali ambapo mtu alipaswa kuulizwa dawa ilikwama wapi, au nani hakuwapo zamu. Kauli hiyo tunaweza kuipima kwa kiumbe ambacho siku zake huhesabika bila machozi, yaani ua lililokwisha kukatwa.

Waridi huchumwa Naivasha likiwa bado tumba. Kisu hulitenga na mizizi iliyokuwa ikilipa maji, na ndani ya giza la sanduku majani yake machache hayawezi kutengeneza sukari. Linabaki na akiba yake tu. Hata hivyo linaendelea kupumua, na kupumua huko ndiko kunakoila akiba. Karibu na nyuzi 2 za Selsiasi hupumua polepole sana. Joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi hiyo huongezeka mara mbili, tatu au zaidi. Ndiyo maana ndoo hukimbizwa kwenye chumba cha baridi, na safari ya uwanja wa ndege Nairobi hufanywa kwa lori lenye friji. Sanduku likiachwa juani saa chache, siku ya mnada Uholanzi huenda ua lisionyeshe dalili yoyote, lakini litainamisha shingo mapema mezani kwa mnunuzi. Hapo hatujataja maji machafu yenye bakteria wanaoziba mirija ya shina, wala hewa inayojipenyeza kwenye mkato na kuyazuia maji kupanda. Mawaridi mawili ya aina moja, yaliyokatwa asubuhi moja kwa kisu kimoja, yanaweza kupishana siku nyingi, na tofauti yote ikawa imetoka mikononi mwa watu.

Kikomo cha maumbile nacho kipo, sikikatai. Asmini iliyochumwa jioni kwa ajili ya kikuba hufunguka usiku na kufikia kesho imechoka, ilhali okidi ya Phalaenopsis hukaa wazi kwa miezi. Ila kikomo chenyewe tuna tabia ya kukitangaza kabla hatujakijua. Mwaka 1908, watafiti Crocker na Knight wa Chicago walichunguza kanesheni zilizokuwa zikijifunga na kusinyaa mabandani, wakaonyesha kwamba gesi ya taa iliyovuja, hasa ethilini iliyomo ndani yake, ilitosha kuzifanya hivyo hata kwa kiasi kidogo mno. Baadaye ikajulikana kwamba kanesheni yenyewe huitoa ethilini inapozeeka, na kwamba ikinyweshwa dawa yenye madini ya fedha, inayoizuia gesi hiyo isifanye kazi, huweza kudumu karibu mara mbili. Kilichodhaniwa kuwa mwisho wa umri wake kilikuwa mwisho wa ujuzi wetu.

Atatokea wa kusema kwamba ua lililokatwa ni maiti tayari, na tunachokiita utunzaji ni kuchelewesha kuoza tu. Ushahidi unamkatalia. Tumba hufunguka likiwa chomboni, na maiti haichanui. Zaidi ya hayo, kunyauka kwenyewe ni kazi ya kiumbe hai: katika maua kadhaa, dawa inayozuia seli kutengeneza protini mpya huchelewesha kunyauka, kwa sababu petali hujivunja kwa vifaa zinavyovitengeneza zenyewe. Okidi ikipata chavua hunyauka baada ya siku chache tu, kwa kuwa petali zimekwisha kumaliza shughuli yake. Kisu, basi, hakileti kifo palepale. Kinachofanya ni kuzikabidhi siku zilizobaki kwa walinzi wengine.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la kidini. Ikiwa Mungu amekadiria yote, basi lori lililoharibika friji nalo lilikadiriwa, na lawama haina pa kukaa. Lakini wanaoshika imani ya kudura kwa makini hawakuielewa hivyo. Khalifa Umar aliporudisha msafara wake njiani kuelekea Shamu kwa sababu ya tauni, kamanda wake Abu Ubayda alimuuliza kama anaikimbia kudura ya Mungu. Akajibu kwamba anatoka kwenye kudura moja kwenda nyingine. Kwa jibu hilo sababu zimo ndani ya makadirio, na anayezivuruga hawezi kujificha nyuma yake. Tena anayesema siku zilikuwa zimefika anadai kukijua kikomo, jambo ambalo dini hizo hizo humwachia Mungu peke yake. Kwa binadamu dai hilo ni zito zaidi, maana waridi tunaweza kulilinganisha na jingine la shina lilelile, ila mgonjwa aliyekaa saa nyingi bila kuhudumiwa hana mwenzake wa kutuonyesha angeishi hadi lini. Kutojua huko hakumpi utetezi aliyekuwa na funguo za kabati la dawa.