Inasemekana Ndani Mna Mchele

Kwenye hati za shehena, zile karatasi zinazosafiri pamoja na makontena mpaka yakafika Kipevu, mara nyingi utakuta maneno ambayo kwa Kiswahili yangesomeka hivi: inasemekana ndani mna. Inasemekana ndani mna magunia 500 ya mchele. Inasemekana ndani mna vigae. Mwenye meli hasemi mna mchele, anasema ameambiwa. Kontena alikabidhiwa likiwa limeshafungwa na kupigwa sili, hakuchungulia, na kukizuka neno baadaye, muulizeni aliyelijaza.

Mimi nayapenda maneno haya kwa sababu hayajifanyi. Maisha ya mjini karibu yote ni inasemekana. Ajenti wa nyumba anasema paa halivuji. Mchumba anasema hana mtu. Mteja anasema pesa atatuma Ijumaa. Ukitaka kuhakiki kila kitu hutatoka nyumbani, na usipohakiki chochote utaliwa. Basi swali ni hili: mtu akikwambia kitu ni cha aina fulani, umwamini mpaka wapi? Na ikibainika si kweli, hasara imwangukie nani?

Swali lenyewe limenikamata mahali ambapo wengi hawatatarajia. Ninaandika kompaila ya Lisp.

Kompaila ni programu inayochukua maandishi ya mtu na kuyageuza yawe amri ambazo prosesa inazielewa. Yangu ni ndogo, naiandika usiku nikishamaliza makala za wateja. Chuo niliacha, kwa hivyo hakuna mwalimu anayeisubiri. Lakini vitabu vya fani hii havina bawabu mlangoni, na Lisp ni mzee mkarimu. John McCarthy aliibuni mwaka 1958 huko MIT, Marekani, na mpaka leo bado inatumika. Ndani yake karibu kila kitu ni orodha iliyofungwa kwa mabano. Ukitaka kujumlisha mbili na tatu unaandika (+ 2 3). Data ni orodha, na programu yenyewe pia ni orodha. Ukiitazama kwa mbali ni kama yadi ya Kipevu: masanduku juu ya masanduku, kwa nje yote yanafanana.

Na Lisp haikuulizi maswali mapema. Ukiandika (+ 2 "samaki"), yaani ujumlishe mbili na neno samaki, kwa kawaida hakuna anayekuzuia kuandika. Ila kila thamani inabeba lebo yake: mimi ni namba, mimi ni neno. Programu ikiendeshwa na kufika pale, lebo inasomwa, ndipo inagoma. Kosa linagunduliwa kwenye gati, si kule lilikopakiwa. Lugha nyingine, zenye mfumo mkali wa aina, zingelikataa kontena lile kabla meli haijang'oa nanga.

Usidhani mfumo wa aina ni jambo la wazungu na kompyuta zao. Sisi tunao mdomoni. Ukisema "kitabu" tu, umeshajifunga: kitabu changu kizuri kimepotea. Mtoto wa Changamwe huenda hajui ngeli ni nini, lakini mwambie "kitabu yangu nzuri imepotea" uone atakavyocheka na kukuuliza umeshuka SGR saa ngapi. Na mfumo wetu ni mjanja, hausomi lebo ya nje pekee. Kiboko ana ki- mwanzoni, lakini twasema kiboko amelala, si kimelala, maana ana uhai. Kipevu nayo ina ki-, lakini ni mahali: Kipevu kuna joto, Kipevu pamejaa matrela. Kwa hiyo aina ya kitu si herufi zilizobandikwa nje. Aina ni ahadi kuhusu yale ambayo kitu hicho kinaweza kufanya au kufanyiwa. Namba inajumlishwa. Mchele unapikwa.

Sasa turudi kwenye ahadi. Common Lisp, ambayo kiwango chake rasmi kilipitishwa mwaka 1994, inakuruhusu ukitaka utamke aina mapema. Unaandika (declare (fixnum idadi)), yaani naahidi kwamba hii "idadi" siku zote itakuwa namba nzima isiyo kubwa sana. Faida yake ni kasi. Kama kompaila inajua ni namba, haina haja ya kusoma lebo kila mara, na kwenye hesabu inayorudiwa mara milioni kumi, kuacha kusoma lebo ni tofauti kubwa.

Mimi mwenye kompaila nikikutana na tamko hilo nina njia tatu. Naweza kulipuuza. Naweza kulihakiki, niweke mlinzi pale idadi inapoingia. Au naweza kuliamini, niondoe walinzi wote, lebo zisisomwe tena. Kiwango kinaniachia nafasi kwa zote tatu, na kinasema tamko likiwa la uongo, basi matokeo hayana dhamana. SBCL, mojawapo ya kompaila za Common Lisp zinazotumika sana, kwa kawaida huchagua kuhakiki. Lakini mwandishi wa programu anaweza kuiomba ishushe usalama mpaka sifuri, na hapo inamwamini mtu kwa mdomo wake tu.

Wengi huliona hilo kuwa swali la ufundi. Kwangu ni la maadili. Tazama nani anapata na nani anapoteza. Anayepata kasi ni yule aliyetoa ahadi. Anayepata hasara ni mtu wa mbali, aliyetumia programu bila kujua kuna ahadi yoyote iliyotolewa. Usalama ukiwa sifuri, programu inaweza kulichukua neno samaki, isome biti zake kana kwamba ni namba, na isonge mbele. Huenda ikazimika ghafla. Kibaya zaidi ni isipozimika: itoe jibu, na jibu la uongo lianze safari.

Watu wa meli walilijua hili kwa machungu. Januari 2007 meli ya makontena MSC Napoli ilivunjika bodi kwenye mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, ikapelekwa kwenye ufuo wa Devon ili isizame. Wachunguzi wakayapima makontena takriban 660 yaliyobaki makavu juu ya sitaha. Makontena 137, moja katika kila matano, yalipishana na uzito ulioandikwa kwenye hati kwa zaidi ya tani tatu. Hawakusema uzito peke yake ndio ulioivunja meli, udhaifu wa bodi ulikuwa tatizo kubwa zaidi. Lakini meli ilikuwa imepangwa na kusawazishwa kwa hesabu za inasemekana.

Tangu tarehe 1 Julai 2016, sheria ya kimataifa ya usalama baharini inataka kila kontena lililojazwa liwe na uzito uliohakikiwa kabla halijapakiwa melini. Ni mwaka uleule kituo kipya cha makontena cha Kipevu kilipoanza kazi. Sheria inatoa njia mbili. Ya kwanza, pima kontena zima likiwa limejaa. Ya pili, pima kila kitu kinachoingia ndani, ujumlishe, uongeze uzito wa kontena tupu.

Wallahi niliposoma njia ya pili nilicheka peke yangu, kwa sababu ndiyo kazi ya mfumo wa aina. Robin Milner, Mwingereza, alionyesha mwaka 1978 jinsi kompaila inavyoweza kujua aina ya programu nzima kwa kukokotoa kutoka sehemu zake, bila kumtaka mwandishi atamke kila kitu. Haikuulizi una nini. Inaona umeweka nini, inajumlisha. Programu iliyopita mtihani huo haiendi mrama kwa kosa la aina, na walinzi wanaweza kwenda kulala, maana sasa hatutegemei ahadi, tuna uthibitisho.

Basi si tufanye hivyo kila mahali, tumalize? Ningependa. Ila kuna bei. Mwaka 1953 Henry Rice alithibitisha kwamba hakuna njia moja ya kimashine inayoweza kuamua, kwa kila programu iliyopo, kama tabia yake ni salama au la. Kwa hivyo mhakiki ambaye hataki kamwe kupitisha kosa, na ambaye ni lazima amalize kazi na kutoa jibu, hana budi kukataa baadhi ya programu nzuri. Si kwa sababu ni mbovu. Ni kwa sababu yeye hana namna ya kuiona afya yao.

Pwani tunajua inavyokuwa mtu mzima mwenye afya akikataliwa na fomu. Wamakonde waliletwa Kenya kutoka Msumbiji wakati wa ukoloni kufanya kazi kwenye mashamba, mengi ya mkonge. Watoto na wajukuu wakazaliwa hapa. Kwa miongo mingi mfumo haukuwa na kisanduku chao, kwa hivyo wengi hawakuwa na kitambulisho, na bila kitambulisho huwezi kuandikisha laini ya simu wala kufungua akaunti benki. Mwaka 2016 waliandamana kutoka Kwale mpaka Nairobi, na baada ya hapo wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa pwani wao walitambuliwa mwaka 2023. Hakuna Mmakonde aliyebadilika usiku ule. Kilichobadilika ni orodha ya aina.

Na sisi wa kazi za mtandaoni tuna kionjo kidogo cha hayo. Nimeshajaza fomu ya kazi ya uandishi isiyosonga mbele mpaka utaje digrii yako. Huwezi kuacha wazi, huwezi kuandika "sina". Kwa fomu ile, mwandishi asiye na digrii hayupo.

Kwa hivyo wanaotetea uhuru wa Lisp wana hoja. Mfumo usiouliza mapema unampokea kila mtu. Ila nao wasijisifu sana, kwa sababu uhuru wa anayejaza kontena ndio hatari ya anayelifungua. Kibarua wa bandarini akivunja sili, akavuta mlango, na mzigo uliopangwa ovyo ukamwangukia, haimsaidii kitu kuambiwa kwamba mjazaji alikuwa huru.

Kuna njia ya kati. Tangu mwaka 2006, Jeremy Siek na Walid Taha walipoandika juu yake, watafiti wamekuwa wakijenga mifumo ambayo ndani ya programu moja sehemu hii ina aina kali na sehemu ile haina, na thamani zinazovuka kutoka huku kwenda kule zinakaguliwa mpakani. Typed Racket, mtoto wa ukoo wa Lisp, inafanya hivyo. Ukaguzi si wa bure: mwaka 2016 kundi la watafiti lilipima programu zilizochanganywa hivi, wakakuta baadhi zinapungua kasi zaidi ya mara mia. Foleni ya matrela getini tunaijua.

Kilichonivutia zaidi ni hesabu yao ya lawama. Mwaka 2009 Philip Wadler na Robert Findler walithibitisha kwamba ukaguzi wa mpakani ukishindikana, lawama haiangukii kamwe upande wenye aina kali zaidi. Kosa litakuwa limetoka upande uliolegea. Kihesabu ni sahihi na inapendeza. Lakini itoe kwenye karatasi uilete mtaani: kila Mmakonde aliyekwama dirishani, kosa lilihesabiwa lake. Wewe ndiye huna kabila kwenye orodha. Mfumo wenyewe uko sawa.

Hapo ndipo nagoma. Hesabu ile inachukulia kwamba tamko lililoandikwa ndilo kipimo, na lililoletwa ndilo linalopimwa. Lakini tamko nalo limeandikwa na mtu. Huenda aliandika "namba" akasahau kwamba kuna bei zisizojulikana bado. Huenda aliorodhesha makabila 42 akadhani amemaliza nchi. Anayeandika orodha ya aina ana madaraka, na madaraka yasiyolaumika popote tunajua yanavyoishia.

Basi nimeamua hivi kwenye kompaila yangu. Mlinzi anaondolewa pale tu ambapo kompaila yenyewe imethibitisha, kwa kujumlisha sehemu, kwamba hahitajiki. Ahadi ya mtu peke yake haimwondoi mlinzi, hata akiahidi kwa herufi kubwa. Anakaguliwa mpakani, na gharama ya foleni tunailipa, kwa sababu aliye upande wa pili hakuwepo tulipoahidiana. Asiyetaka kutamka chochote anaruhusiwa kupita, kwa ukaguzi uleule.

Na ukaguzi ukishindikana, ujumbe wa kosa hautamtaja mmoja. Utasema: mstari wa 12 ulitaka namba, mstari wa 40 umeleta neno. Itazameni mistari yote miwili.