Karibu ya Jirani

Bendi kongwe ikipiga wimbo wa kukaribisha wageni katika ukumbi wa watu hamsini huko Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na ndani ya ukumbi hamna hata mtalii mmoja, anayekaribishwa ni nani?

Wimbo wenyewe anaujua kila mtu. "Jambo Bwana" ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison, ukatolewa na bendi yake, Them Mushrooms, mapema miaka ya 1980. Bendi hiyo ya ndugu wa familia ya Harrison, wakiwemo Billy Sarro, George Zirro na John Katana, iliota mizizi Mombasa katika miaka ya 1970, na riziki yake ilitoka kwenye hoteli za kitalii za ufuoni. Mwaka 1983 kundi la Boney M, lililoundwa Ujerumani, liliuimba kwa namna yake. Mwaka 1987 Them Mushrooms wakatunukiwa santuri ya platinamu kwa mauzo ya wimbo huo huo. Baadaye wengi wakazoea kuwaita Uyoga.

Ni muziki laini. Gitaa linatekenya, besi inatembea polepole, sauti tatu nne zinapandana bila kugombana. Hotelini muziki wa aina hii hupigwa kando ya bwawa la kuogelea, mgeni akiwa na sahani mkononi, na mara nyingi hana haja ya kugeuka. Ukumbi mdogo wa ng'ambo haumpi msikilizaji nafasi hiyo. Viti ni vya plastiki, spika ni mbili, na meza ya kwanza iko karibu na jukwaa kiasi kwamba mpiga gitaa akikaza uzi uliolegea, waliokaa mbele wanauona mshipa wa mkono wake. Mwimbaji akimeza mate kabla ya kiitikio, wanaona. Naye anaowatazama ni watu anaowafahamu kwa sura: mwanamke aliyetandika vitanda vya hoteli ya Bamburi miaka ishirini, kuli wa bandari anayeishi Changamwe, dereva wa matatu ya Mlaleo, mwalimu mstaafu aliyevuka na feri kutoka Likoni.

Watu hawa ndio waliokuwa upande wa pili wa karibu ile. Mtalii alipoimbiwa, wao ndio waliobeba mizigo, wakafua mashuka, wakapaa samaki. Wengine walilazimika kuimba pia, huku wakipiga makofi kwenye mlango wa mapokezi. Ndipo linapozuka swali ambalo wanafalsafa na wanadini wamelishughulikia kwa karne nyingi: karibu iliyolipiwa ni karibu kweli?

Jibu la haraka ni kwamba si kweli, kwamba ni biashara iliyovaa tabasamu. Jibu hilo linawaonea wanamuziki. Mwadhini anayepewa posho haadhini kwa unafiki, wala mwalimu hafundishi uongo kwa sababu ana mshahara. Maulidi ya Barzanji husomwa kila mwaka katika misikiti na majumba ya pwani, maneno yale yale, na msomaji huenda akaondoka na bahasha. Hakuna anayesema kwamba mapenzi kwa Mtume yamechakaa kwa kurudiwa. Waislamu hukipima kitendo kwa nia, na nia inaweza kufanywa upya kila kinaporudiwa. Mwimbaji aliyeimba wimbo mmoja kwa miaka arobaini anaujua mzigo huo kuliko mtu yeyote.

Ugumu wa karibu uko mahali pengine. Uko katika kuchagua nani anastahili kuambiwa.

Misikiti na makanisa ya Likoni na Kisauni hayaachani sana, na yote yanasimulia kisa kimoja. Katika Mwanzo, Ibrahimu ameketi mlangoni pa hema wakati wa jua kali, akawaona watu watatu, akakimbia kuwalaki, akaagiza mikate, akachagua ndama. Katika Qur'ani, sura ya Adh-Dhaariyaat, anaitikia salamu ya watu asiowajua, kisha anajiendea kimya kwa ahali zake na kurudi na ndama aliyenona. Katika masimulizi yote mawili chakula kinatangulia utambulisho. Hakuuliza kabila lao, wala walikotoka, wala watakaa siku ngapi.

Immanuel Kant, aliyeandika huko Königsberg mwaka 1795 katika kitabu chake juu ya amani ya kudumu, aliliweka jambo hili kisheria zaidi. Kwake yeye ukarimu kwa mgeni ni haki, wala si hisani: dunia ni tufe, watu hawawezi kutawanyika bila kikomo, mwishowe lazima wavumiliane. Lakini aliiwekea haki hiyo mpaka. Mgeni ana haki ya kuzuru, hana haki ya kukaa mpaka apatane na wenyeji. Alikuwa na sababu. Aliwaona Wazungu wa zama zake wakifika nchi za watu kama wageni na kuzigeuza mali yao. Mombasa inalijua hilo: mwaka 1505 Wareno wa Francisco de Almeida waliuteka mji na kuuchoma moto. Wanaoona mpaka wa Kant ni wa uchoyo wakumbuke mgeni aliyekuja na mizinga.

Hata hivyo, mpaka huo unapochorwa kati ya majirani, mambo hubadilika, na hakuna mahali pa Kenya palipolipia somo hili kama Likoni.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 vijana waliokuwa wamekula kiapo msituni, eneo la Kaya Bombo, walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi na kuchukua bunduki. Uchaguzi ulikuwa miezi michache mbele. Siku zilizofuata walengwa walikuwa "watu wa bara": Wakikuyu, Wajaluo, Wakamba, Waluhya, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapo hapo, wenye maduka, vyumba vya kupanga na watoto shuleni. Zaidi ya watu 100 waliuawa, na kwa makadirio watu wapatao 100,000 walihama makwao. Utalii ukaporomoka. Hoteli zilizokuwa zikiimba kwamba hakuna matata zilifunga milango, na maelfu ya wafanyakazi wa pwani, wenyeji kwa wabara, wakarudi nyumbani bila kazi. Malalamiko ya wenyeji juu ya ardhi na ajira yalikuwa ya kweli na ya miaka mingi. Lakini waliouza kwenye duka la kona hawakuwa waliowanyang'anya.

Katika siku hizo kanisa Katoliki la Likoni lilifungua ua wake kwa waliokimbia, na maelfu wakajibanza humo wakiwa na vibunda na watoto. Hiyo ni karibu bila gitaa. Miaka kumi na minane na ushee baadaye, Januari 2016, serikali iligawa hatimiliki katika shamba la Waitiki, Likoni, ardhi ya zaidi ya ekari 900 ambayo maskwota waliiingia wakati wa ghasia zile zile za 1997. Karatasi zile zilikuwa na thamani kubwa kwa waliozipata. Ila hatimiliki humwambia mtu kwamba kiwanja ni chake. Haimwambii jinsi ya kuishi na jirani.

Nani basi mwenyeji na nani mgeni katika ukumbi wa Kisauni? Mgiriama anaweza kudai utangulizi, Mswahili wa Mji wa Kale anao wake, Mkamba ambaye babu yake alijenga Changamwe ana kaburi la kuonyesha. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," husema wahenga wa pwani, na methali hiyo inamtegemeza mwenyeji kwa mgeni: bila huyu kuja, yule hana tiba. Kwa msingi huo hakuna anayeweza kushika uenyeji peke yake na kuufungia kabatini.

Hapo ndipo repertoa ya bendi hii inapozungumza kuliko wimbo wake maarufu. Them Mushrooms ni wana wa pwani, lakini walikusanya nyimbo za zamani za Wakenya wengine wakazipiga upya katika mikusanyo ya zilizopendwa. Walimpa Fundi Konde, mwanamuziki mkongwe wa Kigiriama, nafasi ya kusikika tena uzeeni. Tena wakaimba "Nyambura", wimbo wa mapenzi kwa mwanamke mwenye jina la Kikikuyu. Mwaka 1997 Likoni, jina kama hilo lilitosha kumfanya mtu afungashe usiku.

"Jambo Bwana" humkaribisha mtu atakayepanda ndege baada ya wiki mbili. "Nyambura" unamhusu mtu atakayebaki, apange nyumba, agombee bei ya nyanya Kongowea, azike wazazi wake hapa. Katika ukumbi wa ng'ambo, ambapo meza moja inaweza kuwa na Mdigo, Mtaita na Mkikuyu aliyerudi mwaka 1998 akajenga upya, bendi ingefaa kuanza na "Nyambura", kisha ndiyo ifuate ile salamu ya bwana.