Sugu ya Mkono na Sugu ya Moyo

Je, mtu ana ruhusa ya kuuumiza mwili wake kwa makusudi ili uwe imara zaidi? Ndugu zetu wanaofanya karate huulizwa swali hili mara kwa mara, na hujibiwa haraka mno kutoka pande zote mbili. Mmoja husema mwili ni amana, basi kuupiga hakufai, maneno yamekwisha. Mwingine husema kijana haogopi maumivu. Naona wote wawili hawajayatazama mazoezi yenyewe. Basi, ndugu msomaji, tuyatazame kule yalikotoka.

Karate ilikulia Okinawa, visiwa vilivyokuwa ufalme wa Ryukyu hadi Japani ilipovitwaa rasmi mwaka 1879. Baadhi ya wazee wake walivuka bahari kwenda Fuzhou, China, kutafuta elimu hiyo. Kanryo Higaonna alikwenda, akarudi Naha na kumfundisha Chojun Miyagi, mwasisi wa mtindo wa Goju-ryu. Kanbun Uechi alikwenda mwaka 1897 na kurudi mwaka 1910.

Vifaa vyao vilikuwa vya watu wa kawaida. Chi ishi ni jiwe zito lililotiwa mpini wa mti, unaloinua na kulizungusha kwa kifundo cha mkono. Nigiri game ni mitungi ya udongo; unaishika kwenye mdomo wake kwa ncha za vidole na kutembea nayo polepole, na ukizoea unaongezewa mchanga ndani. Makiwara ni ubao uliochimbiwa ardhini, ukafungwa kamba ya mabua ya mpunga juu, nao unaupiga kwa ngumi kila siku. Kisha kuna Sanchin, zoezi la hatua chache tu: miguu imeshika ardhi, pumzi nzito, kila msuli umekazwa. Mwanafunzi akilifanya, mwalimu humzunguka akimpiga kwa viganja mabegani, mgongoni na mapajani, kupima kama mwili umekaa sawa. Mpita njia anayeona hayo bila maelezo atadhani ni adhabu.

Ukweli ni kwamba mwili hujengeka kwa kusumbuliwa. Julius Wolff, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, aliandika mwaka 1892 jinsi mfupa unavyojipanga upya kufuata mzigo unaoubeba. Mzigo ukija kidogo kidogo, mfupa huongezeka nguvu. Ukija mwingi bila mapumziko, hupasuka. Ngozi nayo ni vivyo hivyo: isuguliwe kwa kiasi, itaota sugu, isuguliwe kwa pupa, itachubuka na kutoa damu. Kwa hiyo maumivu yenyewe hayatoi hukumu. Kinachotoa hukumu ni kipimo, na kipimo kinahitaji muda. Anko Itosu, mzee aliyeingiza karate katika shule za Okinawa, aliandika barua mwaka 1908 akieleza namna ya kufundisha. Kuhusu makiwara alishauri mapigo 100 au 200 kwa mkono. Hakusema piga mpaka damu itoke. Na kwa ajili ya wanafunzi wa shule alitunga mfululizo wa mazoezi mepesi zaidi, Pinan, kwa sababu alijua kijana si mtu mzima mdogo.

Hapo ndipo ninapopata shaka na baadhi ya mambo tunayoyaona leo. Kijana wa miaka 19 hutazama video jioni, na asubuhi anapiga ukuta wa bweni. Ukimuuliza atakwambia ni hiari yake. Lakini hiari ni ya nani hasa? Anayekubali ni kijana wa leo. Atakayelipa ni mzee wa miaka 60 atakayeshindwa kufunga vifungo vya shati lake, na huyo hakuulizwa. Tunayo habari ya Abdullah bin Amr, sahaba aliyefunga kila siku na kusimama usiku kucha. Mtume (s.a.w.) alimkataza, akamkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake, akampa kiasi chepesi. Yeye kwa nguvu za ujana akaomba kuongezewa, na akaongezewa. Alipozeeka alitamani laiti angekubali ile ruhusa nyepesi. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo katika ibada, basi ngumi juu ya ukuta ina hoja gani?

Neno letu sugu lina mengi. Mkulima ana sugu ya jembe, mwenye kusujudu sana huota sugu kwenye paji la uso, na tunazisifu zote mbili. Lakini tukimwita mtu sugu, hatumsifu. Tunasema haonyeki, hasikii. Mwenye kuufundisha mwili usisikie maumivu yuko katika hatari ya kuvuka kutoka sugu ya kwanza kwenda ya pili. Asiyesikia maumivu yake mwenyewe, ya mwenzake atayasikiaje?

Wazee wa Okinawa hawakuliandikia vitabu swali hili, lakini naona mazoezi yao yana jibu. Liko zoezi liitwalo kote kitae: wawili husimama uso kwa uso na kugonganisha mikono chini ya kiwiko, juu, chini, ndani, nje. Mwenye nguvu halipigi kwa nguvu zake zote. Anapiga kwa kiasi cha mkono wa mwenzake, na akiona mwenzake amekunja uso, anapunguza. Ukilifanya miezi kadhaa na watu kumi tofauti, unalazimika kujifunza maumivu ya watu kumi. Anayepiga ukuta peke yake hapati somo hilo, maana ukuta haukunji uso.

Mwalimu naye yuko katika mizani hiyo hiyo. Kiganja kinachompima mwanafunzi wa miaka saba ya mazoezi si kile kinachompima wa miezi saba. Mwalimu anayempiga mgeni kwa nguvu mbele ya watazamaji hampimi yeyote, anajionyesha. Hapa mimi sikubaliani kabisa na wazee wa zamani, ambao walitaka mwanafunzi atii bila kuuliza kwa nini. Nitamtii mwalimu katika idadi: akisema 200, ni 200. Lakini maumivu ya ndani ya kiungo, au ganzi isiyoondoka vidoleni, hayo anayajua mwenye mkono peke yake, na kuyanyamazia si adabu. Mwanafunzi wa udaktari anayetarajia kushika kisu cha upasuaji analijua hili kuliko wote. (Suala la kuinama mbele ya picha ya mwalimu aliyefariki, linalotushughulisha sana klabuni, nimeliacha makusudi, lina wenyewe wa fiqhi.)

Na mkono ukishakuwa mgumu, dhima ni ya nani? Wafuasi wa Kanbun Uechi husimulia kwamba, akiwa bado China, mwanafunzi wake mmoja alimuua jirani katika ugomvi wa shamba. Uechi hakuwapo, wala hakumtuma. Lakini mkono ule ni yeye aliyeufundisha. Alirudi Okinawa, akalima shamba, na akakataa kufundisha. Watu walijua anachokijua, wakamwomba, akakataa. Katika miaka ya 1920 alihamia Wakayama, bara la Japani, akafanya kazi ya kiwandani. Huko ndiko kijana kutoka kwao, Ryuyu Tomoyose, alipomsihi kwa muda mrefu mpaka akakubali, baada ya miaka kama 15 ya kunyamaza. Alianza na watu wachache tu, chumbani, mlango ukiwa umefungwa.